Kupunguza chumvi bila kula chakula chapwa: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Siku nilipoandika tarehe kwa kalamu juu ya paketi ya chumvi ya gramu 500, nilitaka tu kujua itadumu muda gani. Nyumbani tulikuwa watu wazima wanne, na hakuna aliyejiona mla chumvi. Mezani hakukuwa hata na kichupa cha kunyunyizia. Paketi ikaisha siku ya 13. Nikapiga hesabu: gramu 500 kwa siku 13 ni kama gramu 38 kwa siku, na kwa watu wanne ni zaidi ya gramu 9 kila mmoja. Hapo bado sijagusa mkate, soseji, jibini wala vidonge vya kukoleza mchuzi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku kutoka vyanzo vyote. Hiyo ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Sisi tulikuwa karibu mara mbili yake, na hakuna siku hata moja mtu aliyelalamika kwamba chakula kimezidi chumvi.

Nimejifunza hapo kwamba ulimi si shahidi wa kutegemea. Unazoea unachopewa, kisha unakiita hicho ndicho sawa. Lakini ukishazoea kupanda, unaweza pia kuzoea kushuka, na mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo. Sisemi uache chumvi. Nasema ujue inakotoka, kisha uishushe taratibu kiasi kwamba ulimi usipate la kulalamikia.

Kwanza, chumvi inafanya nini mwilini

Chumvi ya kula ni kloridi ya sodiamu. Kwa uzito, asilimia 40 hivi ni sodiamu na inayobaki ni kloridi. Mwili hauwezi kuishi bila sodiamu: neva huitumia kupitisha ujumbe, misuli huihitaji ili ijikunje, na maji ya mwilini hukaa mahali pake kwa sababu yake. Kiasi kinachohitajika kwa kazi hizo, hata hivyo, ni kidogo mno kikilinganishwa na tunachokula.

Sodiamu ikizidi, mwili hushikilia maji ili kuizimua. Ndiyo ile kiu inayokuamsha usiku baada ya mlo wenye chumvi kali, na ile pete inayobana kidoleni asubuhi yake. Maji hayo yanaongeza ujazo wa damu ndani ya mishipa, na msukumo unapanda. Kwa mtu mwenye figo nzima, ziada hutolewa kwenye mkojo na mambo yanarudi sawa. Tatizo ni ziada ya kila siku, mwaka baada ya mwaka. Mishipa hukakamaa, moyo husukuma kwa nguvu zaidi mpaka kuta zake zinanenepa, na figo zenyewe zinachakaa. Mwisho wa njia hiyo ni kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi, au figo kufeli. WHO inakadiria kwamba vifo milioni 1.89 kila mwaka vinahusishwa na ulaji wa sodiamu kupita kiasi, na kwamba mtu mzima duniani kwa wastani anakula karibu gramu 10.8 za chumvi kwa siku.

Presha ya kupanda kwa kawaida haiumi. Watu husubiri kichwa kiume au macho yaone ukungu, na wengi hawaoni dalili yoyote hadi siku ya kiharusi.

Miili haifanani katika hili. Kuna ambao presha yao hupanda upesi kwa chumvi kidogo na kushuka upesi ikipunguzwa: watu wa umri mkubwa, wenye presha tayari, wenye kisukari au ugonjwa wa figo, na, kwa wastani, watu wenye asili ya Afrika. Kiswahili humheshimu mzee kwa kusema amekula chumvi nyingi, maana yake ameishi miaka mingi. Ni msemo ninaoupenda, lakini mzee wetu aliipata sifa hiyo kwa wingi wa miaka, na katika umri huo figo zake hazitoi sodiamu kwa wepesi wa ujana. Sahani yake ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Hatua ya 1: Jua unakula kiasi gani

Andika tarehe kwenye paketi mpya siku unapoifungua. Ikiisha, hesabu siku, gawanya uzito kwa siku hizo, kisha gawanya kwa idadi ya walaji. Mtoto mdogo mhesabu kama nusu ya mtu. Kama ulipata wageni, au ulitumia chumvi kusugulia samaki na kisha ukaiosha, punguza kidogo kwa makisio. Huhitaji usahihi wa maabara. Unataka tu kujua kama uko karibu na 5, na 8, au na 12.

Paketi ikiwa bado inaendelea, fanya jaribio la kiganja. Chukua chumvi kama unavyochukua kila siku unapopika, ile unayoiita "kidogo tu", lakini badala ya kuitupa sufuriani imwage kwenye kijiko cha chai. Pitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko ili kisawazike. Kijiko hicho kikijaa kwa chumvi laini kina takribani gramu 6. Mimi "kidogo" changu kilijaza kijiko na kumwagika pembeni, na nilikuwa nikiweka mara mbili kwenye sufuria moja: mwanzo, na tena baada ya kuonja.

Usiruke hatua hii. Anayepunguza bila kupima hupunguza kwa siku tatu, kisha mkono unarudi ulikozoea bila yeye kujua.

Hatua ya 2: Tafuta chumvi usiyoiweka mwenyewe

Chumvi ya sufuriani unaiona. Ya dukani imejificha, na si lazima chakula kiwe na ladha ya chumvi. Mkate ni mfano mzuri: kipande kimoja hakina kikubwa, lakini unakula vipande vinne kila asubuhi, siku zote za mwaka. Vidonge na unga wa kukoleza mchuzi mara nyingi nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi. Tambi za paketi za kupika haraka, pamoja na kile kipakiti cha kiungo, zinaweza kukupa gramu 4 hadi 5 za chumvi kwa bakuli moja, yaani posho ya siku nzima kabla hujala kitu kingine. Kijiko cha mezani cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2. Soseji, nyama za kopo, samaki wa chumvi, jibini ngumu, achari na bisi za pakiti zote zimo humo.

Kuna pia sodiamu isiyotokana na chumvi. Magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yalainike upesi yana sodiamu, na unga wa kuumulia keki vilevile. Vidonge vya dawa vinavyotoa mapovu kwenye maji huwa na sodiamu nyingi. Anayevinywa kila siku na ana presha amuulize mfamasia kama kuna vya kumeza vya kawaida.

Kusoma maelezo ya pakiti kuna mtego mmoja. Pakiti nyingine huandika chumvi, nyingine huandika sodiamu, na namba za sodiamu huonekana ndogo. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Pakiti ikisema sodiamu miligramu 800, hiyo ni gramu 2 za chumvi. Kisha angalia ni kwa kiasi gani: kwa gramu 100 au kwa "mgao mmoja". Mtengenezaji anaweza kuita robo ya pakiti mgao mmoja, wakati wewe unakula pakiti yote. Linganisha bidhaa kwa gramu 100 kila mara. Kipimo kinachotumika Uingereza ni rahisi kukikumbuka: zaidi ya gramu 1.5 za chumvi katika gramu 100 ni nyingi, na gramu 0.3 kushuka chini ni kidogo. Simama mbele ya rafu ya mikate ukasome aina tatu tu. Mara nyingi utakuta mmoja ni pungufu kwa mbali, na hutasikia tofauti mdomoni.

Hatua ya 3: Kikopo cha siku

Njia iliyotufaa sisi ni hii. Chukua kikopo kidogo chenye kifuniko. Kila asubuhi tia humo chumvi ya kupikia ya siku nzima kwa vijiko vilivyosawazishwa. Chakula chote cha siku hiyo kinakolezwa kutoka humo, na paketi kubwa inarudi kabatini. Ikiisha mchana, ya jioni imekwisha.

Anza na kiasi kilekile unachotumia sasa. Sisi tulianza na vijiko sita. Wiki mbili za kwanza ni za kuzoea kikopo tu. Kisha ondoa kijiko kimoja, kaa wiki mbili, ondoa kingine. Ukifika vijiko vitatu au vinne, punguza nusu kijiko kwa mara moja, kwa sababu kijiko kizima kati ya vitatu ni theluthi, na ulimi utashtuka. Kwa kawaida ladha hujipanga upya ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache. Kushuka kwa siku moja kutoka sita hadi viwili ni kuwafanya watu wa nyumbani waichukie habari nzima.

Kuna nchi iliyofanya hivi kwa taifa zima. Uingereza, kuanzia 2003, ilivisukuma viwanda kupunguza chumvi kwenye mkate na vyakula vingine kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Kufikia 2011 wastani wa mtu mzima ulikuwa umeshuka kutoka karibu gramu 9.5 hadi 8.1 kwa siku. Watu waliendelea kununua mkate uleule.

Na zungumza na anayepika. Kama ni mama, mke, mume au dada wa kazi, usianze kwa kusukuma sahani na kusema chumvi imezidi. Chakula ni heshima ya mpishi. Mimi nilimwonyesha mama ile paketi na hesabu yake, nikamwomba yeye ndiye ajaze kikopo. Wiki ya tano, akionja mchuzi kwenye kiganja kama kawaida yake, alisema, "Imekolea." Kikopo kilikuwa kimepungua vijiko viwili, na aliyepunguza alikuwa yeye mwenyewe.

Hatua ya 4: Pika ili ladha itoke kwingine

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wengi wanaposhindwa kwa kudhani kazi ni kutoa tu bila kurudishia.

Tia chumvi mwishoni. Chumvi inayochemka na maharage saa mbili huzama ndani ya punje. Inayotiwa mwisho hukaa kwenye mchuzi, na mchuzi ndio unaogusa ulimi kwanza. Jaribu mwenyewe: gawa sufuria moja ya maharage yaliyoiva katika mabakuli mawili yanayolingana. La kwanza tia chumvi mapema uliache lichemke zaidi. La pili tia robo tatu ya kiasi hicho muda mfupi kabla ya kula. Waonjeshe watu bila kuwaambia lipi ni lipi.

Onja kabla ya kutia, na onja kilichopoa kidogo kijikoni. Ukionja kinachounguza, ulimi hauna nafasi ya kuonja.

Ukali wa ndimu, limau au siki huamsha ladha kwa namna inayofanana na chumvi. Kamua mwishoni, baada ya kuepua, usiupike. Kitunguu nacho kipe muda: kikikaangwa kwa moto mdogo hadi kiwe rangi ya kahawia, kinaleta utamu mzito ambao kitunguu kilichokaangwa kwa haraka hakiwezi kuutoa. Nyanya zipikwe hadi mafuta yajitenge. Bizari na viungo vingine vikavu vikaange kidogo kabla ya kuvisaga. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, giligilani. Tumia zaidi ya ulivyozoea. Nyama iache ishike rangi sufuriani kabla ya kutia maji, kwani ile rangi ndiyo ladha.

Kanuni niliyoiweka jikoni ni kitu kimoja cha chumvi kwa sufuria moja. Ukitia kidonge cha mchuzi, usitie chumvi. Ukitia sosi ya soya, usitie kidonge. Nadhani kanuni hii peke yake ilituondolea zaidi kuliko nyingine zote.

Maharage ya kopo yachuje na kuyasuuza kwa maji. Huondoa karibu asilimia 40 ya sodiamu. Viazi na tambi zichemshe bila chumvi, kwa kuwa vinakutana na mchuzi wenye chumvi sahanini.

Chakula kikizidi chumvi, watu hushauri kutumbukiza kiazi kibichi. Kiazi hunyonya maji pamoja na chumvi yake, kwa hiyo kinachobaki sufuriani kina ukali uleule. Dawa yake ni kuongeza: maji, nyanya, mboga, au maharage yasiyo na chumvi, ugawe sufuria mara mbili na nyingine uihifadhi.

Hatua ya 5: Chagua chumvi, lakini usidanganyike

Chumvi ya waridi, ya bahari, ya mawe, zote karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Madini mengine yaliyomo ni machache mno kuweza kukusaidia kwa kiasi unachokula. Chumvi ya chenga kubwa huonekana pungufu kwa sababu kijiko chake kina hewa. Kwenye mizani ni ileile.

Cha kuangalia ni madini joto, yaani ayodini. Yanakinga goita, na kwa mama mjamzito yanalinda ubongo wa mtoto aliye tumboni. Uswisi na jimbo la Michigan huko Marekani zilianza kuyatia kwenye chumvi miaka ya 1920. Kupunguza chumvi hakupingani na hilo: tumia kidogo, lakini iwe yenye madini joto. Ihifadhi kwenye chombo kilichofunikwa, mbali na unyevu, jua na moto wa jiko, kwa sababu madini hayo hupotea.

Ipo pia chumvi ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa na potasiamu. Utafiti uliofanywa vijijini China, matokeo yake yakatoka 2021, ulifuatilia karibu watu 21,000, wengi wao wakiwa wamewahi kupata kiharusi. Waliotumia chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu walipata viharusi pungufu kwa asilimia 14 kuliko waliotumia ya kawaida. Ni habari njema kwa watu wengi. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, asiiguse bila daktari: potasiamu ikipanda sana kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. WHO haiwashauri pia wajawazito na watoto kuitumia.

Potasiamu ya salama kwa mwenye figo nzima iko kwenye ndizi, viazi, maharage, mboga za majani, machungwa na parachichi. Husaidia figo kutoa sodiamu na mishipa kulegea. Sahani iwe nusu mboga na matunda. Sina zaidi la kusema hapo.

Hatua ya 6: Wanaohitaji uangalifu

Mtoto chini ya mwaka mmoja hahitaji chumvi ya kuongezwa kabisa. Mpakulie chake kabla hujatia.

Anayeharisha au kutapika anapoteza maji pamoja na chumvi, na hapo si wakati wa kubana. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Usizidishe chumvi humo kwa kudhani unaongeza nguvu ya dawa.

Anayetumia lithiamu (dawa ya baadhi ya magonjwa ya akili) asibadilishe ulaji wa chumvi ghafla, kwani chumvi ikishuka dawa hupanda kwenye damu hadi kuwa sumu. Anayetumia vidonge vya kukojoza, hasa mzee, akianza kuchanganyikiwa, kichefuchefu au kudhoofika isivyo kawaida, apelekwe hospitali apimwe sodiamu. Anayefanya kazi nzito juani au kukimbia masafa marefu asinywe maji matupu lita kwa lita bila kula. Na mjamzito asijinyime chumvi kwa kuamini atazuia kifafa cha mimba, haizuii hivyo. Aende kliniki apimwe presha na mkojo.

Dawa za presha usiziache kwa sababu umepunguza chumvi. Anayeamua kuzipunguza ni daktari, akiona namba zako.

Hatua ya 7: Pima presha

Kama unaweza kupata kipimo cha kufunga juu ya kiwiko, pima kabla ya kuanza na tena baada ya wiki nane. Kojoa kwanza. Dakika 30 kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu haijapishana, mkono umetulia mezani usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, usiwe juu ya shati, na uwe wa ukubwa wa mkono wako. Mdogo hutoa namba za juu. Usizungumze. Pima mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi na jioni kwa siku saba, uandike zote. Tupa za siku ya kwanza, chukua wastani wa zilizobaki. Wastani wa nyumbani wa 135 kwa 85 au zaidi upeleke kwa daktari pamoja na daftari lako. Ukikuta 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu, usisubiri siku saba. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Na endelea kuandika tarehe kwenye paketi. Iliyofuata ile ya kwanza ilidumu siku 17. Baadaye 24. Ya mwisho kuisha, tukiwa bado wanne mezani, ilifika siku 38, sawa na gramu 3.3 kwa mtu kwa siku, ikiacha nafasi ya mkate. Mpya nimeifungua juzi, na tarehe aliyeiandika ni mama.